Bei ya Kulala Peke Yako

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, ngoja nikuweke sawa upesi.

Mimi ni Robert Kimeli wa Boito. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa kituo cha majani chai, kazi yangu kupima kilo za watu na kuziandika. Nimestaafu, lakini hata watoto wa nasari bado huniita Karani. Mke wangu alifariki miaka mitano iliyopita, na tangu siku hiyo nyumba yangu ina sufuria saba na mdomo mmoja wa kula.

Bonasi ya mwaka jana ilipoingia, nilishikwa na wazimu wa meli. Si meli ya mizigo. Meli ya watalii, siku saba kutoka Mombasa hadi Shelisheli na kurudi, chakula usiku na mchana. Bei ilikuwa elfu mia moja na arobaini. Nilivaa koti la harusi ya mpwa wangu nikaenda ofisi ya safari mjini Kericho, na huko msichana mmoja anayeitwa Dorine akanieleza kwamba bei hiyo ni ya mtu anayelala chumba kimoja na mwenzake.

Ukienda peke yako, unalipia kitanda chako na kile kitupu. Mara mbili. Nilimuuliza Dorine kama kitanda kitupu kitapewa pia chakula. Hakucheka.

Basi nikaanza kutafuta wa kulala naye chumba kimoja. Rika langu Noah, ambaye tulitahiriwa pamoja, alikubali Jumapili, na Jumatano akakumbuka kwamba anaogopa maji hata ya dipu ya ng'ombe. Wengine niliowauliza walinipa pole kama mtu aliyefiwa upya. Na ndipo, baada ya kukosa kila mtu, nilipoandika kwenye fomu ya meli jina la Phelis Nyamusi, mwanamke anayeuza ndizi kwa jumla sokoni Boito. Mbele ya jina lake, mahali pa uhusiano, niliandika: mke.

Phelis hakujua. Nilikuwa sijamwambia hata kwamba namkubali.

Msomaji mmoja wa Kabianga ameniandikia akiuliza, kwa heshima zote, kama mimi ni mzima kichwani. Swali ni zuri. Acha nikueleze jinsi kichwa changu kinavyofanya kazi, kisha ujijibu mwenyewe.

Kwetu kwenye majani, kila mkulima ana namba yake. Lakini si kila mwenye majani ana namba. Kuna mwenye mistari minne ya chai nyuma ya choo. Kuna mjane ambaye namba bado iko kwa jina la marehemu. Kuna kijana aliyegawiwa kipande na baba yake kwa mdomo tu. Hao huleta kikapu chao, kikapimwa kwa namba ya jirani. Sheria haitaki, lakini karani huandika, na watu humalizana nyumbani. Wakati mwingine mwenye namba hajui mpaka mwisho wa mwezi aone kilo kumi na tano zaidi, na wala hakasiriki. Anajua ni majani ya fulani.

Nimeandika hivyo maisha yangu yote. Unaandika kwanza, mwenyewe ataambiwa baadaye.

Kwa hiyo Dorine aliponiwekea fomu yenye nafasi ya majina mawili, akasema nilipe nusu yangu leo na mwenzangu alipe yake kabla ya tarehe ya mwisho, mkono wangu ulienda wenyewe. Akasema tena kwamba mwanamume na mwanamke hawawekwi chumba kimoja kama si jamaa. Mkono ukaenda tena.

Namba ya kitambulisho ya Phelis niliitoa kwenye daftari la kikundi chetu cha mazishi pale kanisani, ambacho mimi ni katibu wake. Namba ya simu pia. Nilisahau kwamba miaka ile Phelis anaandikishwa hakuwa na simu, na kwamba aliandika namba ya mdogo wake Bosire, anayekaa Chepilat.

Meli ikatuma ujumbe wa pongezi kwa Bwana na Bibi Kimeli. Ukafika Chepilat. Jumamosi asubuhi nikafungua geti nikaona wanaume wawili, mmoja ana simu, mwingine ana kamba ya ng'ombe. Hapo ndipo mliponiacha, mkono kwenye komeo na uji kwenye masharubu.

Sasa tuingie ndani.

Mwenye simu alikuwa Bosire, mtu mnene mwenye sauti ya mwenyekiti wa kila kitu. Mwenye kamba alikuwa kitinda mimba wao, Mochama, ambaye alinisalimia bila kuniangalia kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye zizi. Niliwakaribisha sebuleni. Mochama akasema yeye ataingia baadaye kidogo, anataka kunyoosha miguu. Akainyoosha moja kwa moja hadi kwa ng'ombe zangu.

Bosire aliweka simu mezani.

"Mzee Karani, hatujakuja na vita," alisema. "Tumekuja na simu."

Akausoma ule ujumbe mara mbili. Mara ya pili aliusoma akiwa amesimama.

Ningesema ukweli wakati huo, hadithi hii ingekuwa imeisha na ningekuwa mtu wa maana. Badala yake nilimwambia kwamba hayo ni maneno ya meli tu.

"Kwa hivyo dada yetu ni mke wa meli tu?" akauliza. "Huku nchi kavu ni nani yake?"

Nilimjibu kwamba kuna vile mambo ilienda. Nilimuuliza kama anatumia sukari.

Kufikia hapo dada yangu Chepkurui alikuwa amevuka ua. Dada yangu ananizidi miaka saba, na shamba lake linapakana na langu. Kwa miaka mitano amekuwa akifunga na kuomba nipate mke, na akiona viatu viwili vigeni mlangoni pangu huja bila kuitwa. Aliingia na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kabla hajajua ni msiba au ni sherehe. Bosire akamsomea ujumbe, mara ya tatu sasa. Dada yangu hakuuliza kama ni kweli. Hakuuliza Phelis yuko wapi. Alimimina maziwa, akampa Bosire kikombe kikubwa, akakaa, akapanga leso yake magotini.

"Mnataka ngapi?" aliuliza.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuozwa nikiwa nimeshika birika.

Bosire alieleza kwamba Phelis ni kifungua mimba wao. Mama yao alipokufa, yeye ndiye aliyewalea wadogo zake saba, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuolewa. Ana mabinti wawili na wajukuu, lakini ng'ombe zake za mahari hazijawahi kuingia Chepilat. Wamengojea mtu kama mimi kwa miaka thelathini. Akasema tisa.

Dada yangu akasema ng'ombe tisa ni za msichana, na huyu ameshapata wajukuu.

"Wajukuu ni faida," Bosire akajibu. "Mnapata mtu na watoto wa kukatia ng'ombe majani."

Wakashuka saba. Dada yangu akataja magoti ya Phelis, kwamba yanamsumbua akipanda ule mlima wa kanisa. Bosire akataja magoti yangu. Wakashuka sita. Mimi nilikuwa nikimimina chai tu, na hakuna aliyeniuliza hata kama ninataka maziwa kwenye yangu.

Na sasa nikiri jambo ambalo nimelikwepa kwa wiki tatu humu gazetini, kwa maana nimekuwa nikijifanya kwamba shida yangu ilikuwa bei ya chumba.

Nilifurahi. Bosire aliponiita shemeji kwa mara ya kwanza, kitu kilinipasha moto kifuani, na sikumsahihisha. Kwa miaka miwili nimekuwa nikinunua ndizi kwa Phelis ambazo mtu mmoja hawezi kumaliza. Ndama wangu wanakula ndizi mbivu. Napita sokoni kwake hata siku nisiyohitaji kitu, nasimama kando ya meza yake namsimulia habari za meli, naye anaendelea kupanga mikungu huku akisema, "Ehe, kisha?" Ile "kisha" yake ndiyo iliyokuwa ikinitoa nyumbani asubuhi. Nampenda. Sasa mmejua, na wa Kabianga pia amejua.

Mbona sikumwambia? Kwa sababu mimi ni karani. Najua kuandika. Kuuliza sikufundishwa.

Mochama alirudi kutoka zizini akiwa ameridhika. Alisema hizo nyingine mtapanga wenyewe, lakini ya kwanza ni ile nyekundu yenye paji jeupe, na angependa kuondoka nayo leo kabla jua halijawa kali.

Ile nyekundu ni ya Noah. Kwetu mtu haweki ng'ombe zake zote kwenye boma moja. Nyingine humpelekea rafiki akae nayo, akamue, ndama awe wa mwenyewe. Noah alinipa ile tangu mke wangu alipougua. Mimi nina mbili tu, na zote Mochama alikuwa amezipita kama hazipo.

"Hiyo si yangu," nikamwambia.

Mochama aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Kumbe hata ng'ombe unaandikanga ya watu," alisema.

Dada yangu akakohoa kwenye leso. Bosire akaangalia dari. Na mlangoni, nyuma ya Mochama, mtu akauliza ni ng'ombe gani hiyo inayozungumzwa.

Ilikuwa Phelis. Bosire alikuwa amempigia simu aje kwa Karani haraka, bila kumwambia kwa nini, naye alidhani nimekufa. Baadaye aliniambia hivyo. Alikuja na aproni ya sokoni, mikono ina utomvu wa ndizi, na alikuwa anahema. Aliponiona nimesimama na birika, akashusha pumzi. Ile pumzi niliiona, na nimeihifadhi.

Hakukaa kwenye viti vya wageni. Alikaa kwenye kigoda cha karibu na mlango, akanyoosha mkono apewe simu. Alisoma kwa midomo, polepole, hadi mwisho. Kisha akarudi juu akasoma tena.

"Karani," alisema. "Hii namba ya kitambulisho yangu ulitoa wapi?"

Nilimwambia kwenye daftari.

"Daftari gani?"

"Ya mazishi."

Alitikisa kichwa taratibu. "Kwa hivyo umenioa kwa kitabu ya mazishi."

Nikajieleza. Nilimweleza habari za namba za majani, jinsi watu wanavyopimisha kwa jirani na kumalizana nyumbani, jinsi nilivyokuwa nimepanga kumwambia siku ya soko iliyofuata, kisha ile nyingine. Nilipomaliza niliona hata dada yangu ananionea haya.

"Mimi nimepimisha majani kwa namba ya watu," Phelis alisema. "Miaka mingi. Lakini kikapu nilikuwa nabeba mwenyewe mpaka hapo kwa mizani. Hakuna mtu alikuwa anakuja kwangu kuchukua majani nikiwa nimelala."

Niliweka birika mezani.

Bosire, ambaye alikuwa ameona ng'ombe sita zikianza kutoka mlangoni, aliingilia kati. Alimwambia dada yake kwamba kosa limefanyika ndiyo, lakini mzee ni mtu wa kanisa, ana pensheni, na jambo linaweza kurekebishwa wakiwa hapa hapa. Phelis alimwacha amalize. Kisha akaniuliza ni meli gani, na ya lini.

Nikamtajia. Tarehe kumi na nne mwezi ujao.

Phelis akafungua kile kipochi anachofunga kiunoni chini ya aproni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua gotini. Akampa Bosire. Bosire akaisoma akakunja uso, akampa dada yangu, ambaye hana miwani akanipa mimi.

Ilikuwa risiti ya ofisi ile ile ya Kericho. Meli ile ile. Tarehe kumi na nne. Phelis Nyamusi, chumba kizima, amelipa yote. Elfu mia mbili na themanini.

"Umelipa ya watu wawili," Bosire alisema. Sauti ya mwenyekiti ilikuwa imepungua. "Huyo mwingine ni nani?"

"Hakuna mwingine."

"Sasa umelipia nani?"

Phelis alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa utomvu wa ndizi hautoki hivyo.

"Bosire, wewe ulikuwa unalala miguuni kwangu," alisema. "Mochama alikuwa hapa kwa mgongo. Tulikuwa nane kwa chumba moja, unakumbuka. Mkaisha kuondoka, nikapata wasichana wangu. Wakaisha, wakaniletea watoto yao. Hata jana nimelala na wawili, mmoja anapiga mateke. Mimi niko na miaka hamsini na moja, na tangu nizaliwe sijawahi kulala chumba peke yangu. Hata siku moja. Hata hospitali tulikuwa wawili kwa kitanda."

Akanigeukia.

"Huyu Karani alikuwa anakuja kwa meza yangu kulia juu ya bei. Ati ukienda peke yako unalipa mara mbili, ati ni wizi. Mimi nilikuwa nasikia hiyo bei nasema kwa roho, kumbe inauzwa. Kumbe mtu anaweza kununua tu kulala peke yake, siku saba, mlango umefungwa na funguo ni yako. Nikaweka pesa kidogo kidogo."

Mochama alikuwa ameanza kuikunja ile kamba, akiifanya ndogo na ndogo zaidi mkononi mwake. Bosire aliinamisha kichwa. Wanaume wale wawili walikuwa wamekuja kudai mali ya dada yao, na sasa walikuwa wanamwangalia kama watu walioambiwa kwamba walikuwa wamelala juu ya mkono wake miaka yote hiyo.

Nami nilikuwa najihesabia aibu. Kile kitanda kitupu nilichokimbia kama ukoma, mwenzangu alikuwa amekiwekea pesa kidogo kidogo akinunue.

"Basi limeisha," Phelis alisema akisimama. "Karani atafuta hiyo jina yangu kwake, mimi niko na chumba yangu. Nyinyi kunyweni maziwa muende. Ngoja tu niulize huyu msichana wa ofisi kama kila kitu iko sawa."

Alimpigia Dorine na kuweka sauti nje, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na utomvu na hakutaka simu sikioni. Ndiyo sababu sote tulisikia.

Dorine alimsalimia vizuri. Alimwomba namba ya kitambulisho. Akabonyeza bonyeza huko. Kisha kubonyeza kukakoma, na mimi nimefanya kazi na mizani na mashine na ninajua zinavyonyamaza.

Alieleza kwamba mtambo haukubali kitambulisho kimoja kiwe vyumba viwili. Ulipoona jina la mama limeingia tena, uliacha lile la mwisho na kuondoa lile la kwanza. Lile la mwisho ni la chumba cha Bwana na Bibi Kimeli. Kile chumba kingine kilirudishwa sokoni Jumatatu. Alhamisi kikachukuliwa.

"Nipee ingine," Phelis alisema.

Dorine akasema, kwa upole, kwamba meli imejaa. Pesa za mama zitarudi baada ya siku tisini. Nafasi yake kwenye meli ipo, lakini ni ile ya chumba cha mume wake.

Phelis hakunitazama. Aliitazama ile simu iliyokuwa mkononi mwake. Nimepima majani ya watu kwenye mvua ya mawe, nimezika mke, lakini sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile. Nilikuwa nimemwondoa mwanamke huyu kwenye siku saba pekee alizowahi kujinunulia, kwa kalamu, bila hata kumwamsha.

Nikainama juu ya simu nikamwambia Dorine ni mimi Kimeli, na kwamba naondoa jina langu sasa hivi. Chumba kibaki cha mama peke yake. Nitalipa ile nusu iliyobaki. Sitaki kurudishiwa chochote.

Niliona Phelis akiinua uso.

Dorine alisema haiwezekani. Chumba kimeandikwa kwa jina langu. Nikijitoa kinafutwa, na jina la mwenye chumba halihamishwi kwa mtu mwingine.

"Hata mmoja?" nikauliza.

Akasema labda mke. Kama mume hawezi kusafiri, mke anaweza kuachiwa chumba chote, mradi ile nusu imelipwa na kuna cheti cha ndoa. Sisi wa huku, akaongeza, tukikosa cheti wanakubali barua ya chifu, yenye sahihi za pande zote mbili za familia. Lakini ifike Kericho kabla ya Ijumaa saa kumi, kwa sababu Ijumaa mtambo unafunga. Akatutakia siku njema.

Pande zote mbili za familia zilikuwa zimekaa sebuleni kwangu, zina maziwa ya mursik kwenye midomo.

Ile nusu iliyobaki ilikuwa bei ya ng'ombe zangu mbili, zile ambazo Mochama alizipita. Nilizihesabu bila kutaka. Ningeuza zote mbili, ningeoa, na ningebaki hapa nikikamua ng'ombe ya Noah wakati mke wangu yuko baharini amejifungia na ufunguo wake. Nafikiri hakuna mtu huku kwetu Konoin nzima aliyewahi kulipa bei ya meli kikamilifu hivyo bila kupanda.

Phelis alirudi kwenye kigoda. Safari hii alikivuta, akakiweka mbele yangu, akakaa karibu hata nikasikia harufu ya ndizi mbichi.

"Karani, mimi bado nimekasirika na wewe," alisema. "Hiyo haijaisha. Lakini sasa nitakuuliza kitu, na nakuuliza na mdomo, uone vile watu wanaulizana. Niandikwe bibi yako kwa hiyo barua. Wewe uniachie hiyo chumba yote, mimi niende peke yangu siku saba. Habari ya ng'ombe ya hawa ingoje. Nikirudi, nitakwambia kama ni bibi yako kweli au ni barua tu. Sasa hivi sijui, na sitakudanganya ati najua. Unakubali ama hukubali?"

Bosire alifungua mdomo. Mochama alimkanyaga mguu, na nikampenda kijana huyo kwa mara ya kwanza.

Dada yangu Chepkurui aliinuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na lile daftari la mazishi kwa sababu ndilo pekee lenye karatasi nyumbani kwangu. Alipindua hadi mwisho, mahali ambapo bado hakuna mtu aliyeandikwa, akaliweka mezani mbele yangu, na juu yake akaweka kalamu.

Nilimtazama Phelis. Alikuwa ananitazama pia, mikono imelala juu ya aproni, anangoja.

Nikaichukua kalamu. Miaka ishirini na sita mkono huu haujawahi kusita juu ya karatasi, na asubuhi ile haukutaka kushuka, kwa maana nilijua kwamba mara hii, kabla ya kuandika chochote, ilikuwa lazima kwanza nimjibu kwa mdomo.